Jasho la mkulima wa tumbaku Tabora lahesabiwa wapi katika pato la Taifa?

Na Mwandishi Wetu, Tabora

KILA msimu wa masoko ya tumbaku unapowadia, maghala ya vyama vya msingi katika wilaya za Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui hufurika marobota, na mvutano uleule hurejea: robota hili ni la daraja gani, na kilo moja ina thamani ya dola ngapi.

Kwa mtazamaji wa kawaida, huo ni mvutano wa bei kati ya mkulima na mnunuzi. Lakini kwa wachumi, kinachogombewa pale ghalani ni sehemu ndogo ya swali ambalo limewasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka 200: katika kila shilingi 100 zinazozalishwa na nchi, ni ngapi huenda kwa aliyefanya kazi, na ni ngapi huenda kwa mwenye mali?

Mchumi wa Uingereza, David Ricardo, mwaka 1817 aliliweka swali hilo kuwa ndilo tatizo kuu la elimu ya uchumi, yaani mgawanyo wa mazao ya nchi kati ya mwenye ardhi, mwenye mtaji na mfanyakazi. Katika lugha ya takwimu za leo, fungu linalomwendea mfanyakazi huitwa sehemu ya nguvukazi katika pato la Taifa, nalo ni moja ya vipimo vya Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa.

Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika taarifa yake ya Septemba 2024, lilikadiria kuwa fungu hilo kwa dunia nzima lilikuwa asilimia 52.4, likiwa limeshuka kwa pointi 1.6 tangu mwaka 2004. Pointi moja na ushee inaweza kuonekana kuwa jambo dogo. Hata hivyo, kwa mujibu wa ILO, kama fungu hilo lingebaki pale lilipokuwa mwaka 2004, wafanyakazi wa dunia wangepata dola trilioni 2.4 zaidi kwa mwaka 2024 pekee.

Kwa nchi yenye viwanda na ofisi nyingi, hesabu hiyo si ngumu sana. Mishahara yote hujumlishwa, pamoja na michango ya mwajiri katika hifadhi ya jamii, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa pato lote la ndani. Kinachosalia, baada ya kuondoa kodi za bidhaa, ni fungu la mtaji: faida, kodi ya pango na uchakavu wa mitambo.

Ugumu huanza pale hesabu hiyo inaposhushwa Tabora.

Mkoa huu, ambao Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa una watu zaidi ya milioni 3, hauishi kwa mishahara. Unaishi kwa mahindi, mpunga, tumbaku, pamba, karanga, ng'ombe na asali. Mkulima wa Urambo hana mwajiri, hana hati ya mshahara, na mwisho wa mwezi kwake ni tarehe tu katika kalenda. Yeye ndiye mfanyakazi, ndiye mwenye shamba na ndiye mwenye bani la kukaushia. Fedha anayoipata sokoni imebeba ndani yake ujira, faida na kodi ya ardhi kwa pamoja, wala hakuna anayeweza kuitazama noti na kusema hii ni ya jembe na hii ni ya mkono ulioshika jembe.

Watayarishaji wa hesabu za Taifa duniani kote wameipa fedha hiyo jina la pekee: mapato mchanganyiko. Ni jina la kweli, kwa kuwa linakiri kuwa mchanganyiko huo haujatenganishwa.

Ili kuona uzito wa jambo hili, ichukuliwe kaya moja ya mfano, ambayo tarakimu zake zimewekwa kwa ajili ya hesabu tu. Kaya hiyo imeuza tumbaku ya Sh milioni 6. Imetumia Sh milioni 2.4 kwa mbolea, mbegu, dawa, kuni na vifaa vya kufungia. Kilichobaki, Sh milioni 3.6, ndicho ambacho wachumi hukiita thamani iliyoongezwa, na ndicho kinachoingia katika pato la Taifa.

Kaya hiyo pia iliajiri vibarua wa msimu, ikawalipa Sh milioni 1 kwa jumla, ikiwa ni fedha pamoja na thamani ya chakula na malazi. Kwa hiyo Sh milioni 2.6 zilizobaki ni mapato mchanganyiko ya familia.

Sasa fungu la nguvukazi hapo ni kiasi gani? Akihesabu ujira wa vibarua peke yake, mtakwimu atasema ni asilimia 28. Akisema kila kilichobaki ni jasho la familia, atapata asilimia 100. Akifuata kanuni iliyotumiwa na wengi, ya kuyagawa mapato mchanganyiko theluthi mbili kwa kazi na theluthi moja kwa mali, atapata karibu asilimia 76. Shamba ni lilelile na watu ni walewale, lakini majibu ni matatu.

Mchumi Douglas Gollin alionesha mwaka 2002 kwamba mkanganyiko huo ndio uliofanya nchi maskini zionekane kana kwamba wafanyakazi wao wanaambulia makombo. Katika takwimu ghafi, fungu la mishahara lilionekana kuwa chini ya asilimia 10 katika baadhi ya nchi na karibu asilimia 80 katika nyingine. Baada ya kuingiza kazi ya waliojiajiri, nchi nyingi, tajiri na maskini, ziliangukia kati ya asilimia 65 na 80.

Habari hiyo iliwafariji wachumi wengi. Lakini faraja hiyo inapaswa kupokelewa kwa tahadhari, kwa sababu kuna njia ya nne ya kuhesabu, nayo haifurahishi.

Njia hiyo ni kuipa familia ujira ambao ingestahili kama ingeajiriwa na mtu mwingine. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, iliweka kima cha chini cha Sh 140,000 kwa mwezi katika sekta ya kilimo. Tumbaku, tangu kitalu hadi soko, huchukua si chini ya miezi tisa. Watu wazima wawili kwa miezi tisa, kwa kima hicho cha chini kabisa, wangestahili Sh milioni 2.52.

Kaya ya mfano ina Sh milioni 2.6. Kwa maneno mengine, baada ya baba na mama kujilipa mshahara wa chini, shamba, bani, zana na hatari yote ya mvua na mvua ya mawe vimezaa Sh 80,000 kwa msimu mzima.

Na hapo bado haijalipwa riba. Ikiwa mkopo wa pembejeo uliopitia chama cha msingi ulidai riba ya Sh 300,000, familia imebakiwa na Sh milioni 2.3, sawa na takribani Sh 127,800 kwa kila mmoja kwa mwezi. Mtoto aliyeshinda akitunga majani baada ya shule, bibi aliyewapikia vibarua, na usiku ambao baba aliulinda moto wa bani, havimo hata katika hesabu hiyo.

Kwa hiyo kaya ileile inaweza kutajwa kuwa ina fungu kubwa la nguvukazi, karibu lote, na wakati huohuo watu wake wakawa wanapata chini ya kima cha chini cha mshahara. Fungu kubwa la kitu kidogo. Hili ndilo ambalo asilimia, kwa asili yake, haiwezi kulionesha, na ndilo linalopaswa kumfanya msomaji wa taarifa za uchumi asiridhike na asilimia peke yake.

Kwa Taifa zima picha inafanana. Kilimo ndicho kinachobeba zaidi ya nusu ya nguvukazi ya Tanzania, lakini mchango wake katika pato la ndani umekuwa ukizunguka kwenye asilimia 26 kwa miaka ya karibuni.

Tabora ina kumbukumbu ndefu kuhusu suala hili kuliko mikoa mingi, kwa sababu ujira ulifika hapa kabla ya ukoloni.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Kilimatinde hadi Unyanyembe, kisha Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika, ilipitisha makumi ya maelfu ya wapagazi kwa mwaka katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mwaka 2006 vituo vyake, kikiwamo Kwihara ambako tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872 sasa ni makumbusho, viliingizwa katika orodha ya awali ya UNESCO. Wageni huoneshwa tembe na miembe. Mara chache huelezwa kuwa barabara ile ilikuwa pia soko la ajira.

Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki, alibainisha kuwa wengi wa wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwa watumwa, bali watu huru waliofanya kazi kwa malipo. Mzigo ulikuwa kiasi cha frasila mbili, karibu kilo 32. Malipo yalipatanwa kabla ya safari, sehemu ikitolewa mapema, kwa fedha au kwa nguo, ikiwamo merikani. Juu yake kulikuwa na posho, ambayo kipimo chake kilichozoeleka kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, takribani robo tatu ya kilo. Inafaa kukumbukwa kuwa neno posho, ambalo leo husikika zaidi katika kumbi za semina, lilianza safari yake likiwa chakula cha mtu aliyebeba pembe begani.

Wapagazi hao walikuwa na nguvu ya kupatana. Waligoma njiani, walitua mizigo, walitoroka kwa pamoja pale posho ilipopunguzwa, na walikuwa na kiongozi wao, kirangozi, ambaye tajiri wa msafara hakuweza kumpuuza. Wengine walibeba bidhaa zao wenyewe na kufanya biashara pembeni.

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Ilitoka shambani. Mvua za kupanda zilipokaribia, Mnyamwezi alirudi nyumbani, na msafara uliotaka wapagazi wakati huo ulilazimika kulipa zaidi au kusubiri. Mtu mwenye chakula ghalani anaweza kukataa kazi, na anayeweza kukataa kazi hupata fungu nono zaidi.

Sifa hiyo isitiwe chumvi. Profesa Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu utumwa, karafuu na pembe za ndovu Zanzibar, alieleza jinsi bei ya pembe ilivyopanda katika karne ya 19 huku bei ya nguo za viwandani ikishuka, na jinsi pengo hilo lilivyowanufaisha zaidi wafanyabiashara. Aidha, wakati wanaume wa Unyamwezi wakiwa njiani, mashamba yalilimwa na wanawake na, katika kaya zenye uwezo, na watumwa walionunuliwa kwa mapato ya misafara hiyohiyo. Ujira wa mpagazi ulisimama juu ya kazi ya watu ambao hawakulipwa kitu.

Ukoloni uliigeuza mizani. Baada ya Mtemi Isike wa Unyanyembe kushindwa na Wajerumani Januari 1893, serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898. Kuanzia hapo kukaa nyumbani kuliacha kuwa bure. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kazi ya upagazi katika njia kuu ikafa pamoja na nguvu ya kupatana iliyoambatana nayo.

Vijana wa Unyamwezi wakaelekea mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Huko waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba, na walilipwa kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi ambayo hailipwi mpaka ijae. Wenye mashamba nao, mwaka 1944, walianzisha ofisi ya pamoja ya kuajiri, SILABU, ili wasishindane wao kwa wao katika kutafuta vibarua. Wanunuzi wa kazi wakawa kitu kimoja, na wauzaji wake wakabaki mmoja mmoja.

Mchumi Arthur Lewis, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, alieleza hali ya namna hiyo katika andiko lake la mwaka 1954. Katika uchumi ambao watu wengi wanaishi kwa kilimo duni, alisema, sekta ya kisasa inaweza kukua kwa miaka mingi bila kupandisha ujira, kwa sababu kila anayeondoka kuna mwingine anayesubiri nafasi. Faida hupanda, mshahara husimama. Ni pale tu kilimo chenyewe kinapomlipa mtu vizuri ndipo mwajiri wa mjini hulazimika kuongeza.

Tumbaku ilishika kasi Urambo baada ya mpango wa Uingereza wa karanga, ulioanza 1947, kuanguka na kufutwa 1951. Mashamba na barabara zilizobaki zikatumiwa kwa zao jipya, na baada ya Uhuru Serikali ikalichukua kuwa zao la maendeleo ya mkoa.

Mgawanyo wa fedha yake, hata hivyo, haukuwa mikononi mwa mkulima hata pale ambapo mabepari hawakuwapo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na mamlaka za mazao zikashika ununuzi. Utafiti wa Frank Ellis ulionesha kuwa katika muongo wa 1970 fungu la mkulima katika thamani ya mauzo ya mazao ya biashara ya nje lilishuka kutoka takribani theluthi mbili hadi chini ya nusu. Tofauti hiyo ilimezwa na gharama za mashirika, kodi na thamani ya shilingi iliyokuwa imekuzwa kupita kiasi. Ushirika ulirejeshwa kisheria mwaka 1982, na kampuni binafsi zikaruhusiwa kununua katika miaka ya 1990.

Leo mkulima analima kwa mkataba. Kampuni inasema kabla ya msimu itanunua kilo ngapi, pembejeo zinakopwa kupitia chama cha msingi, bei inatajwa kwa dola, na makato yanafanyika kabla fedha haijamfikia mkulima. Msimu wa 2022/23 uzalishaji wa nchi ulivuka tani 120,000, karibu mara mbili ya msimu uliotangulia, baada ya wanunuzi kuongezeka. Ongezeko hilo lilionesha jambo ambalo wapagazi walilijua: idadi ya wanaotaka kununua ni hoja nzito kuliko maombi.

Ni kweli pia kwamba si kila ongezeko la pato huleta ajira kwa kiwango sawa. Nzega ilikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu wa Golden Pride, ulioanza uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa katika muongo wa 2010. Mgodi wa aina hiyo huongeza pato haraka, lakini sehemu kubwa ya thamani yake hulipia mitambo na mtaji. Reli ya kisasa, ambayo mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma chenye kilomita 506 ulisainiwa Desemba 2022, hutoa mishahara mingi wakati wa ujenzi. Treni zikishaanza kazi, wanaobaki ni wachache na wenye ujuzi.

Anayesahaulika zaidi katika mjadala huu ni kibarua wa msimu. Huyu hutoka Kigoma, Katavi au ng'ambo ya mpaka wa Burundi, hufika kabla ya mvua, hukaa kwa mkulima akila chakula cha mkulima, na mara nyingi hupatana malipo ya jumla yatakayotolewa tumbaku ikishauzwa. Kimsingi mapatano yake yanafanana zaidi na ya mpagazi kuliko ya mfanyakazi wa kiwandani: posho kila siku, na ujira mwisho wa safari.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka ujira ulipwe kwa fedha katika siku iliyokubaliwa, na inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Urambo ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyolengwa na miradi ya kuondoa ajira ya watoto katika tumbaku, kwa sababu pale bei inapobana, mkono wa bei nafuu kuliko wa kibarua ni wa mtoto wa nyumbani.

Kibarua akilipwa pungufu, mkulima huwa na jibu lake: robota lilishushwa daraja, dola imebadilika, chama hakijaingiza fedha. Mara nyingi jibu hilo ni la kweli. Mkulima mwenyewe anasubiri kulipwa, na kibarua anamsubiri mkulima, wote wawili wakikaa katika nyumba moja, miezi mingine hadi Agosti, wakati vitalu vya msimu ujao vinapaswa kuwa vimeanza kumwagiliwa.